Jembe na Daftari Visitengane

Chukua mbegu 100 za mahindi. Zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji, safu 10, kila safu mbegu 10. Kikunje kitambaa kama mkeka, ukiweke mahali penye uvuguvugu pasipo jua kali, na uangalie kisikauke. Siku ya saba kikunjue, uhesabu mbegu zilizoota. Zikiwa 92, mbegu hiyo ni njema na yafaa kutiwa shambani. Zikiwa 55, mwenyewe ajue kwamba karibu nusu ya mbegu atakazofukia hazitatoka. Na ni heri alijue jambo hilo leo, akiwa nyumbani na mbegu mkononi, kuliko kulijua mvua za kwanza zimekwisha pita na fedha zimekwisha toka.

Jaribio hilo halihitaji mashine wala fundi. Mtoto wa darasa la tano aweza kulifanya akamsaidia baba yake asidanganywe na mwuza mbegu. Lakini twauliza: katika watoto wanaomaliza shule zetu kila mwaka, ni wangapi waliopata kulifanya hata mara moja? Kila mzazi asomaye gazeti hili na amwulize mwanawe jioni ya leo. Twahofu kwamba majibu mengi yatatutia simanzi.

Si kwamba watoto hawasomeshwi habari za mimea. Husomeshwa sana. Huchora ua na kutaja sehemu zake zote. Mtihani ukiuliza mbegu yahitaji nini ipate kuota, huandika bila kusita: maji, hewa na joto la kadiri. Ukiwauliza wamejuaje, watasema mwalimu aliandika ubaoni. Na mwalimu naye, ukimfuata, aliandikiwa ubaoni na mwalimu wake. Hivyo maneno yametoka ubao hadi ubao, daftari hadi daftari, wala hapana mtu katikati aliyeiuliza mbegu yenyewe. Na mtoto akiingia sekondari, maneno yale yale humjia tena katika lugha nyingine, akayakariri upya. Wahenga walilisema jambo hili zamani: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Maana ya jaribio

Wako wanaodhani kwamba majaribio ni michezo ya kuwafurahisha watoto, na kwamba wakati wa shule ni mali isiyofaa kuchezewa. Yafaa tuwaeleze jaribio ni kitu gani.

Mwalimu na achukue chupa 4 za jamu. Katika kila moja atie maharage 10. Chupa ya kwanza aiwekee pamba yenye maji na kuiacha mezani. Ya pili aiwekee pamba kavu. Ya tatu aijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, maharage yazame, kisha juu yake amimine mafuta ya kula ili hewa isipite. Ya nne aiwekee pamba yenye maji kama ile ya kwanza, lakini aipeleke katika jokofu la mwenye duka jirani. Baada ya wiki moja watoto wazilete zote pamoja. Wataona maharage ya chupa ya kwanza yameota, na ya chupa nyingine hayakuota.

Humo mna mafunzo makubwa kuliko habari ya maharage. Mtoto amejifunza kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Amejifunza kuweka chupa ya kulinganishia, ambayo ndiyo hakimu wa shauri zima. Maana bila ya kuona kwamba maharage yale yale huota yakipewa kila kitu, angejuaje kwamba si mbegu zenyewe zilizokuwa mbovu? Na amejua kwa nini tulitia 10 wala si 1: harage moja laweza kuwa limetobolewa na mdudu, na ushahidi wa shahidi mmoja hautoshi kumhukumu mtu.

Huenda sasa akainuka mtoto mmoja, pengine yule asiyesifika kwa mitihani, akasema: “Mwalimu, ndani ya jokofu mna giza pia. Tumejuaje kwamba ni baridi iliyozuia, wala si giza?” Mwalimu asikasirike. Na aandae chupa ya tano, yenye pamba na maji, aifungie kabatini gizani. Maharage yataota, na swali litakuwa limejibiwa na maharage yenyewe. Mtoto aliyeuliza vile amekwisha kuwa mwanasayansi, ingawa hajui hata neno moja la Kilatini.

Hivyo ndivyo wakubwa walivyoanza

Wenye elimu wanaotajwa vitabuni hawakuanza kwa vyombo vya fahari. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, tabibu mmoja wa nchi iitwayo leo Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, alitaka kujua mti hupata wapi unene wake. Alipima ratli 200 za udongo mkavu, akautia katika chombo, akapanda humo mche wenye uzito wa ratli 5. Kwa miaka 5 hakuutilia kitu ila maji. Alipoung’oa, mti ulikuwa na ratli 169 na wakia kama 3. Na udongo, ulipokaushwa ukapimwa tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufa.

Mizani yake ilikuwa kweli, lakini hukumu yake ilikuwa na kasoro. Alisema mti wote umetokana na maji. Hakujua kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mti hutoka hewani. Iliwalazimu wengine waendelee. Mwaka 1771 Joseph Priestley, Mwingereza, aliweka kichipukizi cha mnanaa katika chombo ambamo mshumaa ulikuwa umezimika kwa kukosa hewa njema. Baada ya siku kadha mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani za mmea, tena katika mwanga tu. Udongo katika chombo, mnanaa na mshumaa: hivyo ndivyo vyombo vilivyoanzisha elimu ambayo leo watoto wetu wanaikariri kwa jina la usanisinuru.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1963 kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliona kwamba maziwa yake, aliyoyatia katika jokofu yangali moto, yaliganda mbele ya yale yaliyokuwa yamepozwa. Alipouliza alichekwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, naye Dakta akakubali kulijaribu badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo pamoja, na hata leo mabingwa wa dunia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumcheka aulizaye.

Mkonge na muhogo ni mashahidi

Wafanyakazi wa Tanga hawana haja ya kuambiwa mkonge ni nini. Lakini si wote wajuao kwamba mmea huo si wa asili ya kwetu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakatokea mashamba yaliyotapakaa nchi nzima, pamoja na jasho na taabu za maelfu ya watu walioyatumikia. Na baadaye, katika kituo cha Mlingano, mkoa huo huo wa Tanga, ilipatikana aina ya mkonge iitwayo 11648, kwa kuchanganya aina tofauti, kupanda, kungoja, kupima na kuchagua.

Shahidi wa pili ni muhogo. Katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Amani, Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902. Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols walishughulika hapo na maradhi ya muhogo. Mwaka 1936 Storey aliandika habari ya ugonjwa unaoitwa leo michirizi kahawia, unaooza mihogo ndani ya ardhi huku shina likionekana zima. Ili kuupata muhogo unaostahimili batobato, waliuzalisha pamoja na mpira wa Ceara, mti wa jamaa moja nao, kisha wakaurudisha tena na tena kwa muhogo wa kawaida, wakichagua kila mara miche iliyosimama imara. Uzao wa kazi hiyo ulifika hata Nigeria, nao umo katika damu ya mihogo inayolimwa Afrika Magharibi mpaka leo.

Twayasema haya kwa sababu moja. Kazi ya Amani, ukiivua majina yake makubwa, ilikuwa kazi ya kupanda safu mbili, kuzilinganisha, kuhesabu na kuandika. Mtoto wa mkulima aweza kujifunza msingi wake katika shamba la shule. Asipande vipando vyenye ugonjwa, maana ataueneza. Lakini aweza kupita katika safu za muhogo kila wiki, akahesabu mashina yenye majani yaliyojikunja na kuwa na mabaka, akaandika ni aina gani imeshambuliwa zaidi. Mtoto huyo akirudi kwao hatauita ugonjwa huo mkono wa mchawi.

Shamba lisiwe adhabu

Hapa ndipo twafika penye donda. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe mahali pa kazi na pa kujifunza papo hapo. Wanafunzi waone faida ya samadi na madhara ya mmomonyoko, wapange wao wenyewe, na matokeo ya mipango yao, mema au mabaya, wayaone kwa macho yao. Shamba lilikusudiwa kuwa sehemu ya masomo.

Je, limekuwaje? Katika shule nyingi jembe limekuwa fimbo ya pili. Mtoto akichelewa, akalime. Akipiga kelele, akalime. Asiye na kosa hubaki darasani na daftari lake. Basi mtoto afanyeje asiamini kwamba kulima ni malipo ya wakosaji, na kwamba mwenye elimu ni yule asiyechafua mikono? Kasumba hiyo hatukuletewa na wageni peke yao. Tumeipalilia wenyewe, tena ndani ya ua wa shule.

Dawa yake ni kuyarudisha pamoja jembe na daftari. Shamba la shule na ligawanywe vifungu vilivyo sawa kwa ukubwa. Kimoja kitiwe samadi, cha pili mbolea ya chumvichumvi, cha tatu kisitiwe kitu, kiwe cha kulinganishia. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, nafasi kati ya mashimo iwe moja. Kila Ijumaa watoto wapime urefu wa mimea 10 ya kila kifungu na kuandika. Siku ya mavuno wapime mahindi kwa mizani, kisha watoe gharama ya mbolea, waone ni kifungu kipi kilichowapa faida. Hapo somo la mimea limeingia katika hesabu, na hesabu imeingia katika chakula. Na wakiwa bado shambani, wang’oe kunde mmoja kwa uangalifu, wavipasue vile vinundu vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuichukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mtoto aliyekiona kinundu hicho haulizi tena kwa nini bibi yake hupanda kunde katikati ya mahindi.

Udhuru na majibu yake

Twajua tutajibiwa nini. Wa kwanza watasema hapana maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara 3, ya fizikia, ya kemia na ya bayolojia. Wananchi walitoa fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Mahali pengi majengo yakasimama. Lakini ziko maabara zinazofunguliwa mtihani unapokaribia tu, na ziko zinazotunzwa viti vilivyovunjika. Mwananchi aliyebeba mawe hakubeba ili tupate ghala. Ana haki ya kuuliza ufunguo uko kwa nani. Na penye shule isiyo na maabara kabisa, kama zilivyo shule zetu za msingi, twasema mchagua jembe si mkulima. Chupa za jamu, pamba, kitambaa na maharage hazihitaji maabara.

Wa pili watasema watoto ni wengi, mwalimu ni mmoja. Ni kweli, na twawaonea huruma walimu wenye watoto 80 au zaidi katika chumba kimoja. Lakini watoto 80 ni makundi 10 ya watu 8. Kila kundi likipewa chupa zake, mwalimu atakuwa na chupa 10 za kwanza za kulinganisha, wala si moja. Na penye makundi 10 yaliyopata jawabu moja pana ushahidi wenye nguvu kuliko penye kundi moja. Wingi wa watoto, ukipangwa vizuri, waweza kuwa nguvu ya jaribio.

Wa tatu watasema wakati hautoshi, mtihani unangoja. Twawajibu kwamba mtihani wenyewe wa kidato cha nne una sehemu ya vitendo. Kijana anayekutana na matone ya iodini kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, mkono ukimtetemeka, amedhulumiwa na sisi kabla hajadhulumiwa na mtihani. Tena mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inadai ujuzi na vitendo. Haifai kuandika vitendo katika kitabu cha mtaala na kuviacha humo.

Wa nne hawasemi, lakini ndio wengi: wanaogopa jaribio likishindwa mbele ya watoto. Kwao twasema, jaribio lililoshindwa lina faida yake pia. Maharage yakigoma kuota hata katika chupa ya kwanza, hapo pana kazi ya kutafuta sababu. Mwalimu anayesema “sijui, na tujaribu tena” hapungukiwi na heshima.

Jambo moja tu halitaki mzaha, nalo ni usalama. Chukueni jaribio la wanga katika jani. Mche wa maharage huwekwa gizani siku 2, kisha jani lake moja hufunikwa nusu kwa karatasi ya fedha na mche kuwekwa juani mchana kutwa. Jani huchumwa, huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja, halafu hutiwa katika spiriti ya moto mpaka rangi ya kijani itoke, huoshwa, na kudondoshewa iodini ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji. Sehemu iliyoona jua hugeuka nyeusi kama wino, iliyofunikwa haigeuki. Ni jaribio zuri mno, maana mtoto huona mahali ambapo jua limepika chakula na mahali ambapo halikupika. Lakini spiriti hushika moto upesi. Haiwekwi kamwe juu ya jiko. Maji huchemshwa kwanza, moto huzimwa kabisa, ndipo kikombe cha spiriti hutiwa ndani ya maji hayo ya moto. Na kazi hiyo aifanye mwalimu mwenyewe, watoto wakitazama kwa mbali kidogo.

Yatupasayo

Basi twatoa shauri letu wazi. Kila shule iweke saa moja katika juma ambayo ni ya kugusa na kupima, wala isiibwe na somo jingine. Wakuu wa shule wafungue maabara zilizojengwa kwa jasho la watu. Adhabu ya kulima ikome, na shamba lirudishiwe heshima yake. Kamati na bodi za shule, zinapokutana kuzungumza habari za madawati na vyoo, ziulize pia: muhula huu watoto wetu wamefanya majaribio mangapi?

Na ninyi wafanyakazi, msidhani kwamba jambo hili ni la walimu peke yao. Mwenye kazi hotelini aweza kupeleka shuleni chupa tupu zitupwazo. Seremala aweza kutengeneza sanduku lenye tundu moja, watoto wapande mahindi ndani yake wayaone yanavyopinda kuufuata mwanga. Mwenye mizani dukani aweza kuiazima siku ya mavuno. Bwana shamba aweza kupita mara moja kwa muhula. Hapana atakayefilisika kwa mchango wa namna hiyo.

Nchi yetu inaishi kwa mimea. Chakula chetu ni mimea, na jasho la wengi wetu limo katika mahindi, muhogo, pamba, kahawa, korosho na mkonge. Ni aibu mtoto wa nchi hiyo aijue mbegu kwa mchoro wa kitabuni. Mwaka huu tuanze na kitambaa kimoja chenye maji na mbegu 100. Siku ya saba tukikunjue, tuhesabu pamoja na watoto wetu, na idadi tutakayoipata tuiandike jinsi ilivyo.